Vifaa vya kutega mbawakawa wa msitu wa Kilimanjaro: vipi vya dukani Moshi vinafaa, vipi vinaangusha

Seti za mitego ya wadudu zinazoagizwa kutoka nje huja kwenye boksi la kupendeza: vikombe, vifuniko, chupa ya dawa, pini na kijitabu cha maelekezo. Kwa msitu wa upande wa kusini wa Kilimanjaro, vitu viwili tu vina thamani ya gharama ya kusafirishwa: pini, na propilini glaikoli (kimiminika cha kuhifadhia wadudu mtegoni) pale inapokosekana hapa nchini. Vingine vyote unavipata Moshi mjini kwa kuzunguka soko la Mbuyuni, maduka ya vifaa vya ujenzi na duka la dawa, na baadhi ni bora kuliko vile vya kwenye boksi. Hapa tunavipima kwa kazi moja: kunasa na kuhifadhi mbawakawa wa ardhini, jamii ya Carabidae, kwenye sakafu ya msitu wa asili wenye mvua nyingi. Kwa nyika kavu za upande wa Sanya baadhi ya hukumu zetu zingegeuka.

Tuanze na mdudu, maana ndiye anayeamua vipimo. Duniani spishi za Carabidae zilizokwisha kuelezwa ni kama 40,000. Wengi ni wawindaji wa usiku wanaokimbia chini, kati ya majani makavu na magogo. Kwenye misitu ya milimani wengi wao hawaruki kabisa: mbawa za ndani zimedumaa, na kwa baadhi zile mbawa ngumu za juu zimegandana. Ndiyo maana kila mlima una wa kwake, na ndiyo maana msafara wa Msweden Yngve Sjöstedt wa Kilimanjaro na Meru mwaka 1905 na 1906, kisha wa Wafaransa Charles Alluaud na René Jeannel mwaka 1911 na 1912, ilirudi Ulaya na spishi ambazo hakuna aliyekuwa ameziandika. Asiyeruka lazima atembee, na anayetembea hutumbukia. Mtego wa kikombe kilichozikwa umejengwa juu ya jambo hilo tu. Wadogo kabisa wana milimita 3 hivi. Wakubwa wa jenasi Tefflus, weusi, wenye matuta marefu mgongoni, wanaokula konokono, hupita sentimita 4. Mtego mmoja unatakiwa uwakamate wote wawili.

Vikombe ndipo watu wanapobana pesa pasipostahili. Chukua vya plastiki laini vinavyotumika kuuzia mtindi: mdomo sentimita 8 hadi 9, kina sentimita 10 hadi 12, ujazo kama mililita 300. Glasi zile nyembamba za harusini zinazolia ukizikunja hazifai. Udongo uliolowa ukizibana hupata ufa ubavuni, maji ya mtego (yale ya kuulia na kuhifadhia wadudu) yanavuja, na hujui hadi siku ya kukusanya, ukikuta wadudu wamekauka au wamekula wenzao. Jaribio la dukani ni rahisi: bonyeza mdomo hadi pande mbili zikutane. Kikirudi umbo lake, nunua. Kikibaki na mstari mweupe, acha. Angalia pia ndani. Ukuta uwe laini bila matuta, kwa sababu mbawakawa hushindwa kupanda plastiki laini lakini hupanda mikwaruzo bila taabu. Ndiyo sababu vikombe vilivyosuguliwa kwa steelwire baada ya kazi ya kwanza havirudishwi msituni. Osha kwa kitambaa.

Kila mtego unataka vikombe viwili, kimoja ndani ya kingine. Cha nje kinabaki ardhini, cha ndani ndicho unachoinua, na shimo halibomoki kila unapokusanya. Toboa kitako cha kikombe cha nje matundu manne kwa msumari uliopashwa moto, ili maji yanayopenya kati ya vikombe yapate pa kutokea. Yakituama, kikombe cha ndani kinaelea, mdomo wake unapanda juu ya udongo, na kuanzia hapo mtego haukamati kitu. Kwenye msitu wa Rau, karibu na Moshi mjini, mambo ni kinyume: ule ni msitu unaoishi kwa maji ya ardhini yaliyo karibu, na matundu yanaweza kuingiza maji badala ya kuyatoa. Huko tafuta sehemu zilizoinuka, kando ya mashina makubwa.

Kwa kuchimba, koleo dogo la bustani la bati lililokunjwa hupinda shingoni likikutana na mizizi. Nunua lile lililofuliwa na wahunzi, zito kidogo, pamoja na panga la kukatia mizizi. Lakini kifaa bora kuliko vyote viwili ni kopo la maziwa ya unga la gramu 400, lenye kipenyo cha karibu sentimita 10, lililokatwa juu na chini. Ligongelee ardhini, lizungushe, lipandishe na udongo wake: unapata shimo la duara lenye kuta zilizosimama. Rudisha udongo uleule kwenye mwanya unaozunguka kikombe, uushindilie kwa vidole. Mwanya ukibaki, wale wa milimita 3 hadi 5 hushuka kando ya kikombe na kujificha huko. Hutawaona na utaandika kwamba hawapo.

Mdomo wa kikombe uwe milimita 2 au 3 chini ya usawa wa udongo. Ukiwa juu, hata kwa milimita 2, mdudu mdogo anaugusa kwa papasi zake (zile nyuzi mbili za kichwani) na kugeuka. Kosa hili huharibu kazi kuliko maji mabaya na kifuniko kibaya vikijumlishwa, na hakuna pesa inayolirekebisha. Ukishazika, funika kikombe kwa kifuniko chake au jiwe bapa na ukiache wiki nzima kabla ya kukifungua. Udongo uliochimbuliwa karibuni huvuta wadudu kuliko kawaida, kwa hiyo idadi ya siku za kwanza hudanganya.

Sasa kifuniko, ambacho ndicho kinachotenganisha mtego wa Kilimanjaro na mtego wa kwenye vitabu. Fanya hesabu. Mdomo wa sentimita 8 una eneo la sentimita za mraba 50, hivyo kila milimita ya mvua inaingiza mililita 5. Usiku mmoja wa mvua ya milimita 40 unaingiza mililita 200. Ukiwa umeshaweka mililita 100 za maji ya mtego, kikombe cha mililita 300 kimejaa hadi mdomoni, na kesho yake wadudu wameelea nje. Msitu wa upande wa kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Bila kifuniko, masika ya Machi hadi Mei ni kupoteza nauli.

Bati ndilo watu hulikimbilia kwanza. Hudumu, ila kingo zake hukata mikono, na jipya hung'aa kiasi cha kuita kima na wapita njia. Ukilitumia, lipake rangi ya udongo na uliache likauke hadi harufu iishe. Sahani za plastiki za bei poa hupinda katikati na kutengeneza bakuli, kisha maji yanadondokea ndani ya mtego. Kinachoshinda ni kifuniko cha ndoo ndogo ya rangi, ile ya lita 4: kipana vya kutosha, kigumu, na ukingo wake ukielekezwa chini unatupa matone nje ya mdomo. Kwangua rangi yote. Kisimamishe kwa misumari mitatu ya inchi 6 iliyopigwa ukingoni, mbali na katikati, ili maji yanayoteremka kwenye msumari yasifike kwenye kikombe. Acha nafasi ya sentimita 2.5 hadi 3 kati ya kifuniko na udongo. Chini ya hapo Tefflus anakwama. Ikifika sentimita 5 mvua ya upepo inaingia kwa ubavu. Kwenye mteremko, inamisha kifuniko kidogo kuelekea bondeni. Miguu ya plastiki inayokuja na vifuniko vingi vya kuagiza haifui dafu mbele ya mizizi ya msitu huu. Msumari haubishani na mzizi.

Mitego kumi ni kizio kizuri kwa eneo moja, ikiachana mita 10 au zaidi. Kwa kumi utanunua vikombe 25 (vitano vya akiba), vifuniko kumi, misumari 30, nusu mita ya waya wa kuku, na lita moja ya maji ya mtego kwa kila mzunguko.

Waya wa kuku ni wa kulaza juu ya mdomo kuzuia vyura, panya na kirukanjia. Hapa hakuna jibu safi. Tundu la nusu inchi linawazuia wengi wao na pia linawazuia mbawakawa wakubwa. Tundu la inchi moja linapitisha mbawakawa wote lakini kirukanjia mdogo anapenya, anakufa, anaoza, na harufu yake inaita wadudu wa mizoga ambao hukuwataka. Sisi tungeweka tundu la nusu inchi kwenye nusu ya mitego na la inchi kwenye iliyobaki, na kuandika ipi ni ipi.

Maji ya mtego yanastahili maneno mengi, kwa sababu chaguo linalopatikana kirahisi ndilo la hatari. Kulanti ya rejeta ipo kila duka la spea, ina rangi nzuri, inahifadhi wadudu vizuri, na nyingi imetengenezwa kwa ethilini glaikoli. Hiyo ni sumu yenye ladha tamu. Kiasi cha mililita 100 cha ile isiyochanganywa chaweza kumuua mtu mzima, na mnyama mdogo hahitaji kiasi hicho. Msituni kuna nguruwe pori, kima, fungo na minde. Kandokando kuna mbwa na mbuzi wa watu. Usiitumie, hata kwa wavu. Soma kibandiko cha nyuma: kikisema ethilini, au kisiposema kitu, rudisha dukani.

Propilini glaikoli haina hatari hiyo kwa kiwango kinachotumika. Iulize kwenye maduka ya malighafi za sabuni na vipodozi, Moshi au Arusha. Si kila mara ipo. Ichanganye nusu kwa nusu na maji safi, jaza theluthi ya kikombe. Haikauki upesi, haina harufu ya kuvuta wala kufukuza wadudu wengi, na viungo vya mdudu hubaki laini. Udhaifu wake ni kwamba mvua ikiipunguza hadi chini ya theluthi, uozo unaanza. Wakati wa masika kusanya kila baada ya siku saba. Kiangazi unaweza kwenda kumi na nne.

Ikikosekana, chumvi inatosha kwa kazi ya muda mfupi. Gramu 350 za chumvi kwa lita moja ya maji, koroga hadi punje chache zigome kuyeyuka. Ni rahisi na haina sumu. Hasara zake ni tatu: huvuta wanyama wanaotafuta chumvi, haifai kama unataka kupima vinasaba, na huacha fuwele kwenye mdudu usipomsuuza mara mbili kwa maji kabla ya kumweka kwenye spiriti. Siki nayo hutumiwa, lakini harufu yake huvuta baadhi ya spishi kuliko nyingine, kwa hiyo hesabu zako hazilingani na za mitego ya glaikoli. Fomalini tusiizungumzie sana: inasababisha saratani, inakakamaza miguu hadi inakatika, na haina nafasi kwenye mkoba wa mtu anayebeba chakula humohumo.

Maji yoyote utakayochagua, tia matone mawili au matatu ya sabuni kwa lita moja. Sabuni inavunja ngozi ya juu ya maji, mdudu mwepesi anazama badala ya kuelea akitafuta njia ya kutoka. Shida ya sabuni nyingi za maji za mtaani ni manukato ya ndimu. Agiza isiyo na harufu hapohapo ulipochukua glaikoli.

Siafu ni habari nyingine. Msafara wao ukipita juu ya mtego, kikombe kinajaa maelfu kwa usiku mmoja na maji yanageuka uji. Hakuna kifaa cha kuzuia. Mwaga, suuza, hamisha mtego mita 20, andika tarehe, na usiuhesabu mtego huo kwa mzunguko ule.

Ukumbuke pia mtego huu unapima nani anatembea sana, wala haupimi wangapi wapo. Wakubwa wenye mbio watajaa. Wadogo wanaoishi ndani ya majani yaliyooza hutawaona hadi uchekeche. Chekeche la mafundi ujenzi lenye tundu la milimita 8 hadi 10 linafaa: tikisa majani ya sakafuni juu ya kitambaa cheupe, subiri, okota. Kwa kuokota, mpira wa leveli wa mafundi, ule unaoonyesha ndani, wa milimita 8, unatengeneza kifyonzaji kizuri ukiunganishwa na kichupa. Mpira wa dripu ni mwembamba, unaziba. Ziba upande wa mdomoni kwa kipande cha chandarua maradufu, na hata hivyo usimfyonze mbawakawa mpiga mizinga: anatoa mvuke wa kemikali wenye joto linalokaribia nyuzi 100. Wale shikeni kwa koleo laini. Magogo mnayogeuza, rudisheni yalivyokuwa.

Suala la vibali halikwepeki. Tangu 2005 ukanda wa msitu wa Kilimanjaro umo ndani ya hifadhi ya taifa, kwa hiyo utaanzia TANAPA, shirika la hifadhi za taifa, na kwa utafiti COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia, na TAWIRI, taasisi ya utafiti wa wanyamapori, ambayo ofisi yake iko Njiro, Arusha. Misitu ya Rau na Duluti (huu uko karibu na Arusha) iko chini ya TFS, wakala wa huduma za misitu. Anayetaka kuvijaribu vifaa hivi kwanza, akazike mitego miwili kwenye kihamba chenye migomba na kahawa, kwa ruhusa ya mwenye kihamba na baada ya kumweleza kilichomo kwenye vikombe.

Siku ya kukusanya, chujio la chai la chuma lenye tundu la milimita 1 linafanya kazi yote. Lile la plastiki huachia wavu wake baada ya kutumika mara tatu au nne. Mimina, suuza, hamishia kwenye spiriti ya asilimia 70. Spiriti ya duka la dawa ni nzuri ikiwa kibandiko kinataja asilimia hizo na haina rangi. Ile ya zambarau hupaka miguu iliyo myeupe. Ukiwa na ya asilimia 96, chukua mililita 730 uongeze maji hadi lita moja. Kwa vinasaba iache ilivyo, usiipunguze. Konyagi, ambayo huulizwa kila mara, ina asilimia 35: mdudu ataoza taratibu akiwa amelewa. Spiriti iwe mara tatu ya ujazo wa wadudu, na uibadilishe baada ya siku moja kwa sababu miili yao inatoa maji.

Vichupa vya kuchukulia vipimo vya mkojo ni vya bei ndogo na mdomo wake ni mpana, ila vingi huvuja vikilazwa. Zungusha tepu nyeupe ya mafundi bomba kwenye nyuzi za mfuniko, mara mbili, na tatizo limekwisha. Lebo iwe ndani ya kichupa, kwenye karatasi nene, kwa penseli. Wino wa kalamu ya kawaida huyeyuka kwenye spiriti na unabaki na kichupa cha wadudu wasio na kwao. Andika mkoa, mahali, mwinuko, viwianishi, tarehe za kuweka na kutoa, aina ya mtego na jina la mkusanyaji.

Unapochambua, hakikisha ni Carabidae kweli. Papasi ni nyembamba, zenye pingili 11, zinaanzia kati ya jicho na taya; nyayo zina pingili tano kwenye miguu yote; na pale paja la nyuma linapoungana na mwili kuna kipande kilichovimba kama punje ya haragwe. Ukihesabu pingili nne kwenye mguu wa nyuma na tano kwenye mingine, huyo ni wa jamii ya Tenebrionidae, ambao huwapoteza wengi.

Kwenye pini usifanye ujanja. Za fundi cherehani ni fupi, nene na hupata kutu ndani ya mdudu, kisha zinampasua. Agiza pini za wadudu za chuma kisichoshika kutu, milimita 38, namba 2 na 3. Choma kwenye ubawa mgumu wa kulia, robo ya kwanza kutoka mbele, ili katikati ya tumbo pabaki pazima. Walio chini ya milimita 8 wabandike kwenye ncha ya karatasi ngumu.

Boksi la kuhifadhia si lazima liwe la seremala. Ubao usiokauka hupinda na kuacha mwanya wa sungusungu kupita. Kasha la plastiki la chakula lenye mpira mfunikoni linaziba vizuri zaidi, mradi wadudu wamekaushwa wiki mbili kabla na umeweka silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu. Chini tandika sponji gumu la ndala. Povu jeupe la kufungia televisheni lisikaribie naftalini: mvuke wake unaliyeyusha, na asubuhi unakuta pini zimelala kwenye tope linalonata. Na naftalini yenyewe hufukuza tu. Haiui viwavi wa mbawakawa wanaokula makusanyo ambao wameshaingia ndani. Hao wauwe kwa friza: funga kasha kwenye mfuko wa plastiki, liache kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha usiufungue mfuko hadi kasha lirudi kwenye joto la chumba. Umeme ukikatika barafu ikayeyuka, wiki mbili zinaanza upya.